Kanuni za Uvuvi Nilizozisoma kwa Sauti

Ndugu zangu wagonjwa wenzangu, nanyi mnaotuuguza, sitaanza na siku ya ziwani, ingawa najua ndiyo mliyosikia fununu zake. Nitaanza na hali ilivyokuwa kabla, kwa sababu asiyeijua hali hiyo atadhani nawasimulia habari za samaki.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na nilipostaafu tulijenga nyumba Lanet, mke wangu na mimi, tukapanda sukuma wiki nyuma ya jiko. Kiharusi kilinikuta nikinyoa ndevu. Mkono wa kulia ulilegea, wembe ukaanguka, na mdomo ukaenda upande. Hospitalini niliokoka. Akili ilibaki kama ilivyokuwa, na hapo ndipo taabu ilipokaa. Sentensi ilinijia kichwani imekamilika, kiima na kiarifu, na ilipofika ulimini ilimwagika kama maharagwe kutoka gunia lililotoboka. Mliopitia mnajua.

Basi watu wakaanza kunisemea. Mgeni alikuwa akimtazama mke wangu na kumwuliza, "Mzee anatumia sukari?" nami nimeketi hapo hapo, kikombe mbele yangu. Sikuwalaumu, maana walifanya hivyo kwa huruma. Lakini mtu aliyeishi kwa ulimi wake, akisemewa mwaka mzima na watu wenye huruma, huanza kujiuliza kama bado yupo.

Jirani yangu ni mstaafu wa reli, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na asili yao ni magharibi ya nchi. Huyu hakuwa na huruma ya namna hiyo. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mwalimu, umekaa hapa kama mzigo imesahaulika stesheni. Jumamosi tunaenda Naivasha kuvua na fimbo. Samaki ikivuta hiyo mkono, itaamka yenyewe."

Mke wangu akasema, "Na akianguka majini?"

"Tutamvua pia," akajibu. "Lakini kwanza apate leseni. Yangu haiwezi kumfunika. Hii kitu ni kila mtu na yake, ata bibi yako huwezi kumwazima."

Tukaenda pamoja ofisi inayohusika na uvuvi. Nilikuwa nimetayarisha swali langu njiani: leseni ya mtu anayevua kwa fimbo ili ajiburudishe yatofautianaje na ya mvuvi wa biashara? Kilichonitoka kilikuwa mlio. Karani akamgeukia jirani yangu, "Anasemaje?" Jirani akanisemea. Nilipewa leseni ya burudani pamoja na karatasi ya masharti kwa Kiingereza, nikatoka na swali langu likiwa bado tumboni.

Sasa sikilizeni hili. Mtaalamu wa matamshi alikuwa ameniagiza nisome kwa sauti kila asubuhi. Nilijaribu mashairi niliyoyafundisha miaka mingi, yakanishinda, kwa kuwa mizani haingoji mgonjwa. Nilijaribu hadithi, nikapotelea katikati ya sentensi. Siku ile nilipoyatazama yale masharti niliona kitu ambacho mwalimu wa lugha hukitambua upesi: sentensi fupi, zisizo na pambo, kila moja ikiwa na jambo moja. Nikaketi kuyafasiri kwa Kiswahili, kwa mkono wa kushoto, polepole, nikipima kila neno. Kisha nikaanza kuyasoma.

Leseni ni ya mtu mmoja, haiazimwi. Ina mwisho wa muda wake. Mwenye leseni awe nayo anapovua, na aionyeshe akiulizwa. Mazalia ya samaki yaachwe. Ziwa likifungwa ili samaki wazaane, limefungwa kwa wote. Samaki aliyevuliwa kwa leseni ya burudani hauzwi, wala habadilishwi na mali.

Mke wangu alikuwa akisikiliza huku anamenya minji.

"Umeimeza hiyo leseni, Mwalimu. Nimesikia 'leeni'."

Nikarudia.

"Sasa ni 'leteni'. Tulete nini?"

Nikarudia tena. Tuliendelea hivyo mvua zikaja, zikaisha. Siku moja akaniambia, "Hata kuku wa hapa hawawezi kushikwa na afisa wa uvuvi. Wanajua kanuni zote." Nikacheka, na kicheko kikatoka sawasawa pande zote mbili za mdomo. Lakini nilisoma nyumbani tu, mbele yake na kuku. Nje nilinyamaza. Ziwani nilinyamaza. Nilimvua tilapia wangu wa kwanza kwa mkono huu wa kulia, jirani akinishikia kiwiko, na hata huyo sikumtolea neno.

Ikaja asubuhi niliyowaahidi.

Kuna mama wa Molo ambaye huleta viazi kwa vibanda vya chakula pale ufuoni. Nilipolazwa, mama huyu, aliyekuwa akituuzia viazi Lanet tangu zamani, alifika nyumbani kwetu na viazi, akakaa na mke wangu, akaondoka bila kutaka hata ahsante. Asubuhi ile nilikuwa na tilapia wawili wazuri kwenye ndoo. Nikamwona karibu na gari lake la mizigo, nikamfuata, nikampa wote wawili. Aliwatazama wale samaki, akanitazama, machozi yakamlengalenga. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote wa milimani kule angefanya: aliichukua ndoo yangu, akaisuuza, akaijaza viazi, akanirudishia. Nanyi mnajua kwetu. Chombo kilicholeta kitu hakirudi kitupu. Kukirudisha kitupu ni kama kumfungia mtu mlango.

Wauza samaki walikuwa wanatutazama. Mmoja akapaza sauti, "Haiya, Mwalimu ametuingilia soko! Kesho ataleta na mizani!" Wakacheka wote, na sikuona ubaya katika kicheko chao.

Afisa wa uvuvi naye alikuwa ameona. Mwanamke wa makamo, mpole, na nasema mbele yenu kwamba alitimiza wajibu wake.

"Habari ya asubuhi, mzee. Leseni tafadhali."

Nikampa.

"Hii ni ya kujiburudisha. Na mimi nimeona samaki ikienda, viazi ikikuja. Hiyo ni biashara, mzee." Akaipokea fimbo yangu kutoka mkononi, kwa adabu, akaiegemeza kwenye pikipiki yake. "Fimbo na leseni zitakaa na sisi mpaka ofisi iamue."

Ndugu zangu, nawaambia, kilichokuwa kinaegemezwa pale hakikuwa fimbo. Kilikuwa mkono wangu. Kila kidole kinachofunga kifungo cha shati hili nilikipata kwenye mshipi ule.

Jirani yangu akaja mbio. "Madam, msamehe tu. Huyu mzee alipigwa na kiharusi. Hajui. Na kuongea hawezi."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na angeweza kuniokoa. Afisa alikwisha kulegea. Niliona usoni mwake kwamba angenisamehe, angenirudishia fimbo, na ningekwenda nyumbani nikiwa mtu asiyejua na asiyeweza. Lakini nilijua. Nilijua kila neno. Kuhusu kuweza, sikuwa na hakika, maana tangu siku ya karani sikuwa nimejaribu mbele ya watu.

Nikainua mkono wa kulia. Ulipanda polepole, lakini ulipanda.

"La," nikasema. "Nitasema mwenyewe."

Jirani akanipisha. Yule afisa akakunja mikono kifuani akangoja, na kwa kungoja kule namshukuru mpaka leo.

"Samaki wa leseni hii," nikaanza, "hauzwi. Wala habadilishwi na mali. Sharti halikatazi zawadi." Nilipumzika. "Huyu mama alifika kwetu nikiwa mgonjwa. Nimempa samaki. Sikumwomba kitu, naye hakuniahidi kitu. Viazi vilikuja baadaye, kwa desturi. Lakini afisa haoni moyo. Anaona ndoo. Kwa hiyo shaka yako ni ya haki, na viazi navirudisha."

Ilichukua muda mrefu. "Sharti" lilinipiga teke mara mbili. Lakini nilifika mwisho.

Wa kwanza kujibu alikuwa mama wa Molo. "Virudi wapi? Mimi sichukui. Ndoo itoke kwangu tupu iende kwa nyumba ya mgonjwa? Nikuwe mtu wa namna gani?"

"Mama, hakuna mtu amesema uko mbaya," afisa akamwambia. "Viazi irudi kwa gari. Ukitaka kumpelekea mzee, mpelekee kwake siku ingine. Si hapa ufuoni, na si kwa ndoo imetoka na samaki saa hii. Watu wakizoea hivyo, wengine watafanya biashara na waseme ni desturi." Kisha akanigeukia. "Lakini mzee, hiyo kanuni umeijulia wapi hivyo? Kuna watu wanavua hapa miaka na bado wanaazimana leseni kama jembe."

Muuza samaki yule yule akadakia, "Si ni mwalimu! Amekuwa akituficha sauti!"

Afisa akaniuliza kama ningekubali kuwaeleza wavuvi wapya wa fimbo masharti hayo kwa Kiswahili, siku za Jumamosi, kabla hawajatupa ndoano. Nilimjibu mwenyewe.

Nawashukuru, basi, bila kutaja majina. Mke wangu, aliyekataa kila "leeni" niliyomletea. Jirani, ambaye hakukubali nibaki mzigo wa stesheni. Afisa, aliyengoja. Mama wa Molo, kwa ukaidi wake. Nanyi mnaouguza, nawaomba jambo moja tu: mgonjwa anapotafuta neno, msimtafutie upesi mno. Mwacheni alitafute. Nanyi wenzangu, shikeni chochote kilicho mbele yenu, hata kama ni karatasi ya masharti ya uvuvi, mkielewe mpaka mwisho, mkiseme kwa sauti. Kitu mnachokielewa kikamilifu hutoka mdomoni kwa urahisi zaidi kuliko mnavyodhani.

Leseni yangu haikufutwa; afisa alinirudishia pale pale pamoja na fimbo, nikarudi nazo nyumbani. Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wavuvi wapya masharti yote, wakauliza maswali, nikayajibu. Baadaye mama wa Molo alileta viazi Lanet, nasi tukamrudishia ndoo yake ikiwa na sukuma wiki.