Soksi za Viti

Kwenye basi, mbele yangu, mshonaji mmoja alikuwa amepakata mfuko wa vitambaa, akimsimulia fundi rangi aliyekaa naye habari za jirani yake wa ghorofa ya juu. Walikuwa wamejuana tangu kituo kilichopita.

"Anaburuza viti kutwa, kaka. Dari yenyewe jina tu. Akikohoa yeye, pole natoa mimi."

"Si ugonge dari kwa mpini wa ufagio, dada?"

"Nimegonga mara tatu. Mara zote akaitika, 'Karibu!'"

Fundi rangi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mimi nilijifanya natazama dirishani.

Mshonaji hakucheka. Alifungua mfuko, akatoa soksi ndogo za blanketi, kila moja ya kuenea mguu wa kiti. "Ziko kumi na sita. Viti vyake ni vinne, nimevihesabu kwa masikio. Kimoja kinachechemea, kwa hiyo soksi yake moja nimeishindilia pamba."

"Utamtia mwenzio aibu. Mshtaki kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba halali chini ya viti hivyo."

"Lakini dada, ile karibu ilikuwa kejeli!"

"Kejeli ni yake, karibu ni yangu. Nimekaribishwa mara tatu, leo naingia."

Basi likasimama. Akashuka na mfuko wake, mwendo wa mtu anayesubiriwa. Fundi rangi akabaki anatikisa kichwa. Mimi nikabaki na viti vyangu sita, na jirani wa chini ambaye bado hajabisha hodi.