Thackray, Jina Nililopewa

Giles, funga mlango, mtoe mbwa nje, kisha uketi. Na wewe Ruth, usisimame hapo kizingitini kama mtu aliyekuja kuuza mayai. Ingia, mwanangu. Hii ndiyo nyumba ulimozaliwa, ingawa mimi mwenyewe ndiye niliyekwambia miaka ishirini na miwili iliyopita usiikanyage tena. Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kubania, na jambo hili limenikwama kooni tangu Jumanne. Nina miaka themanini na mbili. Nimemzika mama yenu, nimesimama kwenye uwanja huu nikitazama kundi langu zima likichomwa moto mwaka ule wa ugonjwa wa miguu na midomo, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka Jumanne.

Mnajua nilivyowalea juu ya jina letu. Kabla hamjajua kusoma mlijua kwamba Thackray, kwa lugha ya wale watu wa Norwei waliokuja zamani na kukaa mabonde haya, ni pembe ya bonde yenye matete ya kuezekea. Mlijua kwamba pembe yenyewe iko chini ya bwawa la Fewston, iliyofunikwa ili watu wa Leeds wapate maji ya kunywa. Kila mmoja wenu nilimpeleka bwawani baada ya ubatizo, nikamlowesha kichwa, nikamwambia, "Hapo chini ndipo jina lako lilipozaliwa." Giles ulipiga chafya wiki nzima, mama yenu akaninunia mwezi. Sikujali. Jina si haba hili! Ukiita "Thackray!" sokoni Otley watageuka watu watano, na Leeds wamejaa tele, ila ukienda kusini ya nchi wanakuuliza mara tatu linaandikwaje. Nililivaa jina hili kama koti la kanisani.

Na majirani zetu wa ng'ambo ya ukuta, akina Skaife, nao niliwafundisha maana ya jina lao, tena bila kuombwa. Skaife, kwa lugha ile ile, ni mtu aliyepinda. Nilimwambia hivyo Jonas Skaife mnadani, mbele za watu, siku tuliyogombania mpaka. Jonas naye hana mdomo wa kuazima. "Afadhali sisi tuliopinda," akanijibu, "kuliko nyinyi ambao kwenu ni majini. Rudini kwenu, vyura nyie!" Mnada mzima ukaangua kicheko, nami sikumsemesha miaka minane.

Halafu wewe, Ruth, ukaja jikoni, mikono yako imejaa unga, ukasema, "Baba, mimi na Tobias tunaoana." Tobias wa Jonas! Nikakwambia mtoto wa Thackray hawezi kuwa Skaife. Ukanitazama machoni, ukasema, "Basi nitakuwa wa kwanza." Nikakuonyesha mlango. Mchana ule ule nikatoka na nyundo na bamba la jiwe, nikaliziba lile tundu la chini ya ukuta ambalo kondoo wao na wetu walikuwa wakipitia tangu enzi za babu, nikalikaza kwa vijiwe mpaka kucha zikatoka damu. Shamba nikasema ni la Giles. Wosia wa babu yangu Amos uliandika hivyo, kwamba ardhi hii itakwenda kwa yule anayebeba jina lake. Giles, usiniangalie hivyo. Wewe mwenyewe unajua kwamba kondoo dume akikukoholea unaruka ua. Lakini ulikuwa na jina, na kwangu hilo lilitosha.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha jina letu, na mimi ndiye niliyeshikilia kwamba wanaume wote watume mate yao yapimwe, kwa sababu kuna alama ambayo mwanamume huipata kwa babake na babake kwa babu, nyuma mpaka kwenye matete. Wengine walisita. Nikawaita waoga. Nikatema mate mimi wa kwanza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanangu! Jumanne yule msichana wa chama akapiga simu. "Mzee Thackray, umeketi?" Nikamwambia nimesimama, na mtu wa Thackray hupokea habari akiwa amesimama. Akasema wanaume thelathini na watatu wamefanana, na mmoja hakufanana na hata mmoja wao. Nikacheka. Nikasema, "Maskini, nani huyo?" Akasema, "Ni wewe, mzee." Anayefanana nami ni Clement Skaife, ndugu yake Jonas, ambaye wajukuu walimpima Krismasi kwa mchezo tu.

Niliketi. Niliketi sakafuni, wanangu, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Nilipopata nguvu nikaifungua Biblia ya Amos, ule ukurasa wa mbele ninaousoma kila Krismasi tangu utotoni. Kwa mkono wake mwenyewe ameandika kwamba aliondoka kwenda vitani Ufaransa Mei 1915 na hakukanyaga nyumbani tena mpaka Februari 1919. Mstari unaofuata, kwa mkono ule ule, ameandika kwamba Wilfred, baba yangu, alizaliwa Machi 1917. Miaka sabini nimeisoma mistari hiyo kwa sauti! Mimi, ninayempaka dume rangi kifuani ili nijue kila jike amepandwa na nani na siku gani, mimi ninayehesabu siku mia moja arobaini na saba mpaka kondoo azae, sikuwahi kuhesabu miezi ya bibi yangu mwenyewe. Loo! Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo, Ruth, hukuwa wa kwanza. Niliyekufukuza kwa ajili ya jina la Skaife nilikuwa Skaife mimi.

Lakini si hilo lililoniangusha kitandani. Kilichoniangusha ni kumbukumbu. Nilikuwa na miaka tisa, siku ya kukata manyoya, nimejificha nyuma ya marobota ya sufu, nikamsikia Seth, ndugu yake Amos, akifoka, "Damu, Amos! Shamba ni la damu yetu! Na wewe unajua, na mimi najua!" Amos hakupandisha sauti. Alisema, "Kitanda changu hakizai haramu. Mtoto nilimpa jina langu, na nilichotoa sirudishi." Wiki ile akaenda mjini kuandika wosia. Mnaona? Hakuandika damu. Aliandika jina, ili Seth asimpokonye baba yangu ardhi. Aliliweka jina lile kama blanketi juu ya mtoto wa jirani, nami nikalichukua, nikalifanya jiwe, nikamzibia nalo binti yangu. Nimeona aibu, Ruth. Nimeona aibu mpaka siwezi kula.

Nipe maji... Asante.

Haya ndiyo maagizo yangu, na karatasi nimeshatia sahihi jana. Shamba, kondoo na nyumba ni vya Ruth, aitwe Skaife, aitwe apendavyo. Giles, chukua saa ya Amos na ile Biblia, na usinune, umepona kondoo. Binti yako Nell, Ruth, ambaye sijawahi hata... mpeleke Fewston ukamloweshe kichwa. Najua ana miaka kumi na tisa, atacheka. Mwache acheke. Maji yale hayaulizi jina, hata watu wa Leeds wanayanywa.

Kaburini andikeni Thackray. Ni langu. Nilipewa.

Mwambieni Jonas... mwambieni binamu yangu Jonas ashike pembe moja ya jeneza. Atanitukana njia nzima. Msimkataze, ana haki yake.

Mungu awape... awape kondoo wa mapacha na masika yasiyo na theluji. Awape midomo mifupi kuliko wangu. Unisamehe... hapana, usijibu sasa, Ruth. Usilie. Nyundo iko pale pale nyuma ya mlango. Nenda ukutani, wewe na ndugu yako, mkaling'oe lile bamba. Sasa hivi, wakati bado... Na dirisha hili liacheni wazi. Nataka kulisikia likianguka.