Kiti Alichokiondoa Mgombea Mwenza

Basi letu la Bloomfield, hapa Pittsburgh, lilijaa ubishi juu ya video ya mgombea mwenza. Kipupwe kilichopita aliondoa kiti cha mtu barabarani, akaegesha gari lake; na hapa kwetu kiti kilichowekwa kushikia nafasi ya gari hakiguswi.

"Mtu kazoa theluji mpaka kiuno kinamlilia, kaweka kiti cha jikoni kulinda nafasi yake, huyu anakitoa! Ndiyo tumpe umakamu wa rais?" alifoka mama mmoja aliyesimama na mfuko wa viazi.

"Acha hizo, mama," alijibu mzee wa kofia ya manjano, aliyekaa. "Barabara ni ya umma. Halafu alikitoa kwa adabu."

Akasimama kutuonyesha hiyo adabu, mikono mbele kama kabeba keki ya harusi. Alipogeuka, mama alishakaa, viazi mapajani.

"Mama, hapo pangu!"

"Basi ni la umma, mzee wangu."

Tulicheka basi zima, hata dereva. Kituo kilichofuata mama akashuka. Mzee, aliyekuwa amesukumwa nyuma na abiria, akavua kofia upesi akairusha kwenye kile kiti.

Hakuna aliyethubutu kuigusa.