Ayubu Buberwa wa Kagondo, Mpiga Enanga Aliyeurudisha Mlamula

Ndugu, jamaa, wakwe na majirani, na wewe mzee Aroni, Ta Aroni kama tunavyokuita kwa heshima, uliyekaa pale nyuma, karibuni. Haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Ayubu Buberwa, ambaye leo Alhamisi, tarehe 16 Septemba 1954, tunamzika katika kibanja chake, shamba lake la migomba na kahawa, hapa Kagondo. Nayasoma mimi Ishengoma, mjomba wake. Ukoo ulitaka yasomwe na ndugu yake Aroni. Mjane akasema, "Asome mjomba. Yeye hana mgomba hata mmoja humu." Ni kweli, sina. Migomba yangu iko Kashozi, na ni minene kuliko hii.

Marehemu alizaliwa Machi 1912 hapa hapa Kagondo, mtoto wa pekee wa dada yangu Klaudia na mzee Kyaruzi, wote sasa ni marehemu. Kabla hajabatizwa mzee Kyaruzi alikuwa na wake wawili, na mke mkubwa alikuwa ameshamzaa Aroni miaka minne nyuma. Watoto hao wawili walikula chungu kimoja. Nawakumbuka vizuri. Buberwa alikula polepole huku anaimba. Aroni alikula haraka huku macho yakiwa upande wa mwenzake.

Mwaka 1921 alianza shule ya misheni ya Kilutheri, akasoma miaka minne. Alijua kusoma, kuandika na kugawanya, na kugawanya alikujua kuliko wote wa nyumba yao. Mwalimu alimrudisha nyumbani mara mbili kwa kosa la kupiga meza kwa vidole wakati wa hesabu. Dada yangu alinitumia habari, nikaja, nikamchongea enanga ndogo, ule mti wetu uliochimbwa kama hori, wenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe, ili vidole vyake vipate mahali pa halali. Wapo wanaosema alifundishwa na wapigaji wa ikulu ya Mukama. Waseme. Nyuzi za kwanza nilizifunga mimi, na mpaka leo Kagondo nzima hakuna anayezifunga zikakaa kama zangu.

Kazi zake zilikuwa mbili, kulima na kuimba. Jumamosi tarehe 8 Agosti 1936 mzee Kyaruzi alikigawa kibanja sawasawa kwa wanawe wawili, mbele ya wazee saba wa ukoo na mimi wa nane. Mpaka ulipandwa milamula, mmea wetu wa mipaka ambao kila mtu hapa anaujua na kila mtu anauheshimu, isipokuwa wachache. Shimo la mlamula wa kati nililichimba mimi, kwa jembe langu. Wenye kalamu naomba waiandike tarehe hiyo pembeni.

Novemba 1938 alialikwa kuimba kwenye harusi Buganguzi, Muleba. Alipokuwa anakaribia kumaliza, msichana aliyekuwa anagawa ndizi akamwinamia.

"Kaka, uzi wako wa tatu umelegea tangu mchana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nione kama utajua mwenyewe."

Msichana huyo alikuwa Anatolia. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Julai 1939, na tangu siku hiyo hakuna uzi uliolegea katika nyumba hii. Mungu aliwajalia mabinti watatu: Kokwijuka, Kokushubila na Benadetha. Wa kiume hawakujaliwa. Jambo hilo walilipokea kwa shukrani. Mtu mwingine alilipokea kwa shukrani zaidi.

Sasa nifike kwenye kiangazi cha mwaka jana, kwa sababu mtu akiniuliza Buberwa alikuwa mtu wa namna gani, namwambia alikuwa mtu wa Juni 1953. Jumanne tarehe 2 aliimba Boma, Bukoba, siku Malkia alipovikwa taji. Jumamosi tarehe 6 alikuwa kwenye harusi Kashozi, akalala kwangu. Katikati ya wiki hakupumzika, maana kahawa ilikuwa imeiva na nyasi za kutandaza kwenye migomba zilikuwa bado kukatwa. Anatolia alimpa kikapu. Yeye akaitundika enanga kwenye mti, akijaza debe moja anapiga kidogo, akijaza la pili anapiga tena, mpaka mkewe akamwambia, "Baba Kokwijuka, kahawa hii haichezi." Jioni alikaa jikoni na wanawe, mahali ambapo wanaume wengi wanaona aibu kukaa, akimenya ndizi na kuwajaribishia nyimbo. Benadetha akipiga miayo, wimbo huo haukwenda harusini.

Wakati yeye yuko Kashozi anawaimbia maharusi, Aroni aliing'oa milamula mitatu, akaipanda hatua kumi na moja ndani ya kibanja cha ndugu yake. Jumatatu asubuhi Anatolia akamkuta anachuma kahawa.

"Ta Aroni, hiyo si kahawa yangu?"

"Yako iko huko, nyuma ya mlamula. Huoni, Ma Anatolia?"

"Mlamula huu haukuwa hapa."

"Basi umetembea."

Ndugu zangu, wezi nimewaona wengi, tangu enzi za Mjerumani. Mwizi wa kumwambia neno kama hilo mke wa mpiga enanga, sijamwona mwingine.

Marehemu alikwenda baraza la gombolola siku ile ile. Akaambiwa shauri lake litasikilizwa Septemba. Kufika Septemba kahawa yote ingekuwa imeshalala katika magunia ya Aroni, na milamula ingekuwa imeshika mizizi. Akarudi nyumbani. Hakupigana wala hakutukana. Alimwuliza mkewe tu, "Alisema umefanyaje?" Anatolia akajibu, "Umetembea." Akainuka akaichukua enanga.

Kwa Kihaya wimbo ule unauma zaidi, lakini maneno yake ni haya:

Mlamula, shikamoo, unakwenda wapi na jua hili?
Mbona nyayo zako zinafanana na za Aroni?

Jumamosi tarehe 13 Juni aliupeleka Bukoba mjini, nyumbani kwa Bi Ashura, siku alipomwoza binti yake Shamsa. Kwa kuwa Waislamu wa mjini wengine Kihaya chao ni cha kuombea maji, akauimba kwa Kiswahili. Muhidini fundi cherehani alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bwana, rudia! Huo mti umefika wapi sasa?" Marehemu akamjibu, "Umefika hatua kumi na moja, bado unaendelea." Jumamosi tarehe 20 alipanda lori la kahawa kwenda Buganguzi. Alipofika, wimbo ulikuwa umeshamtangulia, wachunga mbuzi wanauimba barabarani, na wakamwuliza yeye kama anaujua. Mwisho wa mwezi Aroni hakuweza kupita sokoni. Akina mama wanainua macho kwenye mafungu ya maharage: "Habari za safari, Ta Aroni?"

Nilikuwepo sokoni siku moja. Niliuliza na mimi.

Mungu hana haraka, lakini kwa jambo hili alifanya haraka. Jumamosi tarehe 4 Julai Aroni alikuwa anamwoza binti yake, na wakwe walikuwa watu wa Buganguzi, ambao kwa desturi waliruhusiwa kuja na mpiga enanga wao. Nadhani mnajua walimchagua nani. Alhamisi tarehe 2 Aroni akaja kwa ndugu yake, mchana, mikono nyuma.

"Ndugu yangu, mbele ya wakwe toa jina langu."

"Rudisha mlamula."

"Nitaurudisha harusi ikiisha."

"Vizuri. Na mimi nitalitoa jina harusi ikiisha."

Ijumaa saa nne asubuhi, jua likiwaka, Aroni aling'oa milamula yote mitatu, akaibeba begani mmoja mmoja hatua kumi na moja, kijiji kizima kimesimama. Niliitwa kutoka Kashozi nije nionyeshe shimo la zamani. Nilivaa kanzu yangu nyeupe na koti, nikamwonyesha kwa fimbo. Nikamwambia, "Ongeza kina, mwanangu. Huu una tabia ya safari." Sijawahi kufurahi hivyo tangu nioe.

Na harusini marehemu alikuwa mtu wa neno lake. Jina alilitoa. Mahali lilipokuwa alinyamaza kidogo, akagusa uzi mmoja tu. Wakwe wote wakalijaza wenyewe, kwa sauti moja.

Aprili mwaka huu kifua kilianza kumbana. Alilazwa hospitalini Bukoba wiki tano, akarudi Juni amebaki macho na vidole. Anatolia alimtandikia mkeka kibanjani, awaone mabinti wakichuma, na kila walipoacha matawi yenye kahawa mbivu aliwaonyesha kwa mkono. Mialiko ya harusi sita ililetwa mlangoni. Yote aliijibu mwenyewe, kwa barua, kwa adabu.

Jumatano tarehe 11 Agosti Aroni alikuja kumjulia hali, na sukari ratili moja. Alikaa, akaangalia nyumba, akasema, "Ndugu yangu, kibanja kitabaki na nani? Nyumba imejaa wanawake." Marehemu akamwambia, "Kunywa uji, Aroni, utapoa." Siku hiyo hiyo, mahali pa lubisi, pombe yetu ya ndizi, Aroni aliwaambia wenzake kwamba wimbo ule utakwenda kaburini na mwenyewe, na mabinti hawajui kupanda mlamula. Usinitazame hivyo, Ta Aroni. Waliokuwa wanakunywa nawe ndio walioniambia, na wanne wako hapa.

Maneno hayo yalimfikia mgonjwa. Jumapili tarehe 22 Agosti aliwaita wale wazee wa ukoo, akatoa wosia: Anatolia atakaa katika kibanja hiki maisha yake yote, asihamishwe na mtu, na baada yake kitashikwa na Kokwijuka na wadogo zake. Wazee watano walitia sahihi. Wawili walisema watafikiri kwanza. Marehemu hakubishana nao. Alisema, "Nizikeni ndani ya zile hatua kumi na moja."

Mzee mmoja akauliza, "Mbali hivyo na baba yako?"

"Baba anajua nina kazi."

Wale wawili wakatazamana, wakaomba kalamu.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Septemba 1954, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili. Anatolia alikuwa ameushika mkono wake, na anasema vidole vilicheza mpaka mwisho. Mimi nilifika saa sita. Nimelia, na sioni haya. Nilimchongea mti wa kwanza, sikutegemea kumchagulia mbao za mwisho.

Ameacha mjane, Anatolia. Mabinti watatu, Kokwijuka, Kokushubila na Benadetha. Mjomba mmoja, mwenye afya nzuri, ambaye kuanzia kesho atakuwa anakuja Kagondo kila Jumamosi. Na ndugu mmoja kwa baba, Ta Aroni, niliyemwandika mwisho bila kumsahau.

Kaburi limechimbwa alipotaka yeye. Kwa desturi ya ukoo huu, ndugu ndiye anayetangulia kutupa udongo, na anayeutupa amekubali mbele ya watu kwamba marehemu amelala kwake, katika ardhi yake, na nyumba yake inabaki hapo. Wazee saba naomba wasogee karibu. Mabinti, simameni na mama yenu upande huu. Bwana ampe Buberwa mapumziko ya amani.

Ta Aroni, njoo mbele, waitu, ndugu yetu. Koleo hili hapa.