Kanali wa Ipuli, Mdogo Wangu wa Choma

Marehemu Luteni Kanali mstaafu Samweli Lugembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Choma, Igunga, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Lugembe na Mama Levina. Mtoto wa kwanza ni mimi, Bertila, ninayewasomea. Kamati ya mazishi imeniagiza niseme “marehemu” kila mahali na nisijitaje sana. Nitajitahidi.

Mama yetu alifariki mwaka 1961, marehemu akiwa na miaka minne. Tangu hapo alikaa mgongoni kwa dada yake, iwe lamboni kwa ng'ombe, iwe shambani kwenye pamba. Usiku hakupata usingizi mpaka alishike sikio la dada yake la kushoto, na akilala halegezi mkono. Wakati huo hakuwa kanali wa mtu. Alikuwa wangu peke yangu, na sikujua kwamba hali hiyo ina mwisho.

Mwaka 1965 Baba alisema mtoto mmoja asome na mwingine achunge, kwa hiyo marehemu akaanza darasa la kwanza pale pale Choma. Mwaka 1972 alichaguliwa kwenda sekondari Tabora. Alipanda juu ya lori la pamba, akaondoka anacheka. Kicheko kile sikukipenda hata kidogo. Mimi kusoma nilikuja kujifunzia ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, na anayedhani wasifu huu nimeandikiwa anitafute baada ya maziko.

Alijiunga na Jeshi la Wananchi mwaka 1976, akapata mafunzo ya uofisa Monduli, akapigana vita vya Kagera. Siku zile sisi Choma tulisikiliza redio mpaka betri zikaisha, tukazianika juani, tukasikiliza tena. Baada ya vita alihudumu Songea, Zanzibar na Mtwara. Askari wake waliokuja leo wameniambia kwamba alikuwa hali mpaka wao wale. Nimefurahi kusikia, ingawa mimi ndiye niliyemtafunia nyama alipokuwa hana meno, na hilo halikuandikwa kwenye cheti chochote. Jeshi lilimpa yeye nyota, mimi likaniletea picha. Leo limekuja na bendera na bunduki kumchukua mara ya pili.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa Bukoba na Mwalimu Adelina, wakajaliwa watoto watatu: Levina, aliyepewa jina la Mama yetu, Consolatha na Shukrani. Adelina ni mke mwema. Miaka yote hii nimemtafutia kasoro, na nimepata moja tu: maharage yake hayakolei chumvi. Nilipowatembelea Mtwara nilimsalimu mdogo wangu kwa Kinyamwezi, naye akanijibu kwa Kiswahili. Nikaongeza Kinyamwezi, naye akaongeza Kiswahili. Mwisho akaniambia, “Dada, mke wangu haelewi. Tusimfanye mgeni nyumbani kwake.” Alikuwa na haki. Lakini toka siku hiyo hata hicho Kiswahili chenyewe nilikionea wivu.

Alistaafu mwaka 2011. Alikuwa ameahidi kurudi Choma, na nilimtengea kiwanja upande wa mashariki wa zizi. Akajenga hapa Ipuli, Tabora mjini. Mwaka 2014 wananchi walimchagua kuwa mwenyekiti wa mtaa, akaongoza mpaka 2024. Alichimbisha mtaro, alisimamia sungusungu, alipatanisha watu waliogombania mipaka, na kila Jumamosi asubuhi alipita na filimbi kuwatoa watu ndani wakafagie. Wengine mlimchukia kwa filimbi ile, nawaona mnavyolia sasa. Nilipokuja kumtembelea na kuku wangu, kuku aliliwa na wajumbe wa kikao. Mlangoni nilipokewa na Mabruki, msaidizi wake wa ulinzi. “Shikamoo shangazi,” akasema, “karibu kwetu.” Nilimwitikia marahaba kwa sababu nimelelewa vizuri. Kwetu! Nyumba ya mdogo wangu, na ninakaribishwa na Mabruki.

Januari 2025 marehemu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na Kiswahili kikapotea chote. Kilichobaki ni Kinyamwezi cha utotoni, kile cha lamboni. Adelina akanipigia simu. “Wifi, njoo. Baba Levina anaongea, mimi simwelewi.” Nilihuzunika sana, na chini ya huzuni nikasikia kitu kingine kinainua kichwa: safari hii ninatakiwa mimi. Majirani wa Ipuli wanaojua Kinyamwezi wapo wengi, ila wakimsemesha alikuwa anafumba macho. Akanitaka mimi.

Nikakaa kitandani kwake toka Februari, nikijua sasa nimempata. Kumbe nimegeuzwa mfereji, maji yanapita yanakwenda kwa wengine. “Dada, muulize Mabruki kama mtaro umezibuliwa.” Namuuliza. “Mwambie Shukrani amalize chuo.” Namwambia. “Mwambie Adelina asinyanyue ndoo, mgongo wake mbovu.” Namwambia. Siku moja akasema, “Mwambie Adelina popote waliponihamishia, nyumba yangu ilikuwa yeye.” Niligeuka nikamtazama wifi yangu usoni, nikamfikishia neno kwa neno, sikupunguza. Akanikumbatia akalia. Mimi nililia pia, na msidhani ni kwa sababu ile ile. Wivu uliniuma kama jino.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ipuli tarehe 9 Mei 2025, saa kumi jioni, baada ya kupokea sakramenti. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, jeshi, parokia na wananchi wa mtaa huu, ambao hawakutuacha hata pale tulipotamani kuachwa.

Ameacha mjane, Mwalimu Adelina, watoto Levina, Consolatha na Shukrani, wajukuu wanne, askari aliowafunza, na mtaa mzima unaosema ni wake. Ameacha dada mmoja.

Kamati iliniomba nimalizie kwa maneno yake ya mwisho, kwa kuwa aliyekuwa naye chumbani ni mimi. Mchana ule Adelina alikuwa jikoni, na Mabruki alikuwa nje na wazee. Mdogo wangu alifumbua macho akaniita, akasema maneno machache, polepole. Nilikwishazoea kazi yangu, nikainuka. Nikamuuliza, “Nimwambie nani?”

Akasema, “Usimwambie mtu, Dada. Haya ni ya kwako.”

Kwa hiyo, wanakamati mtanisamehe. Adelina, wifi yangu, utanisamehe. Mabruki, usinifuate nyuma ya nyumba kuniuliza. Bendera atapewa mjane, kaburi ni la Ipuli, jina ni la jeshi. Nilichopewa mimi sikisomi.

Mungu amlaze Samweli mahali pa utulivu, na mimi aniachie langu.