Maganda ya Machungwa na Nta ya Mama Kamene

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa na ninyi mliosimama mlangoni! Kwanza niwataje waliokuwapo siku ile, mjue kwamba ninayosema yana mashahidi. Alikuwapo shangazi Rodah, dada ya baba yetu, aliyefika kutoka Kakamega na mfuko mkubwa mtupu. Alikuwapo Mama Kamene, jirani yetu wa ukuta mmoja pale Kaloleni. Walikuwapo wadogo zangu Ezekieli, Rispa na Ayuma wa mwisho. Na mimi Febe, dada yao mkubwa, niliyeacha shule kidato cha pili baba alipomfuata mama kaburini.

Ule mfuko ulikuwa wa nguo za wadogo zangu. Jamaa walikuwa wameshaamua. Ezekieli aende kwa mjomba, Rispa kwa shangazi, Ayuma kwa binamu mmoja ambaye hata sura yake hatukuijua. Mimi nibaki Nairobi nitafute kazi.

Ndugu zangu, yote yalianzia midomoni! Ilikuwa Julai, katikati ya miaka ya tisini, na baridi ilitushika vibaya. Shangazi alikuja kutujulia hali akakuta midomo ya watoto imepasuka, Ayuma akicheka damu inatoka. Akaniambia, "Febe, mtoto anayetunzwa hawi hivi. Shule zikifungwa Agosti nakuja kuwachukua."

Nikafunga, nikaomba. Bwana, hawa ndio niliobaki nao, usikubali tutawanywe!

Nikainuka kutafuta mafuta. Kule Kiamaiko wanakochinja mbuzi nilipewa mafuta ya mbuzi, nikayayeyusha, nikawapaka watoto asubuhi. Midomo ililainika kweli! Lakini baridi iliyagandisha yakawa meupe, na harufu, ndugu zangu, harufu! Ezekieli alirudi kutoka shuleni amekunja uso. "Dada, wananiita Beberu. Wananiuliza, 'Niaje, Beberu, unachinjwa saa ngapi?'" Rispa alicheka mpaka mdomo ukapasuka upya. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kupakwa.

Nikabaki na swali lililonifuata mpaka bombani nikichota maji. Ni kitu gani kinaweza kushika mafuta, yasimiminike, yasigande kama jiwe, tena yanukie?

Jibu lilikuwa barazani kwa jirani. Mume wa Mama Kamene alikuwa mchongaji wa vinyago vya wanyama. Yeye alichonga, mkewe akasugua na kung'arisha. Kutwa nzima mama yule alishika msasa na vumbi la mti, kwenye baridi ile ile yetu, na vidole vyake vilikuwa laini kama vya mtoto. Nilimwona kila siku, sikuwahi kujiuliza. Siku hiyo Bwana alinifungua macho!

"Mama Kamene, kwa nini vidole vyako havipasuki?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi nashinda nikipaka twiga nta. Twiga anapata, na mimi napata."

Nta ya nyuki! Akanikatia kipande safi kisichochanganywa na rangi, kutoka mizinga ya baba yake Ukambani, ukubwa wa nusu mche wa sabuni. "Hii nakuazima, sikupi," akasema. "Nta ndiyo kazi yetu. Ukipata nyingine utanirudishia." Nikasema amina.

Mafuta ya nazi niliyapata kwa akina mama wa Majengo, Pumwani. Maganda ya machungwa niliyakausha, nikayaloweka kwenye kopo la mafuta hayo, nikaliacha pembeni mwa jiko mpaka mafuta yakanukia chungwa, nikachuja kwa kitambaa. Nta niliiyeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria ya maji moto, nikaichanganya na yale mafuta. Nta ilipozidi, nikapata mshumaa. Ilipopungua, nikapata mchuzi. Nikajifunza kudondosha tone kwenye kijiko baridi na kuligusa. Nilijaribu kutia karafuu, Ayuma akaruka, "Inauma!" Nikaacha karafuu. Mwishowe tone likashika, nikaliwekea kidole, likalainika taratibu. Haleluya!

Agosti ikafika. Shangazi aliingia asubuhi, amechoka na safari, Mama Kamene naye amekuja kumsalimu. Wadogo zangu wamekaa kwenye kochi, midomo inang'aa. Shangazi hakuitazama! Akafungua mfuko. "Leteni nguo."

Ayuma akamsogelea, akamkodolea macho. "Shangazi, mdomo wako umepasuka." Kabla sijamzuia amechovya kidole kwenye kikopo cha mafuta yale, akampaka juu na chini, kisha akampulizia, kama nilivyozoea kumfanyia yeye.

Shangazi akanusa. "Hii ni chungwa? Mmenunua wapi?"

"Dada ametengeneza," akasema Rispa. "Ya kwanza ilikuwa mbuzi."

"Rispa, nyamaza!" akasema Ezekieli.

Mama Kamene akaangua kicheko, na shangazi naye akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike baba! Akataka kuona sufuria. Akataka kuona maganda. Akaniuliza hili na lile, huku Ayuma amejifutia kidole kwenye rinda langu na kuniegemea. Shangazi alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Nitawaambia jamaa hapa kuna mtu anayewaangalia. Wakae." Aliondoka na vikopo viwili ndani ya mfuko ule mkubwa, wala hakuna nguo hata moja.

Tulikua wote chini ya paa moja. Utukufu kwa Bwana! Wewe unayeogopa kutenganishwa na watu wako, mtumaini yeye, wala usione haya kuuliza swali dogo.

Lakini nilipopata nta ya kurudisha na kubisha mlango ule, alifungua mpangaji mwingine. Mama Kamene na mumewe walikuwa wamerudi Ukambani, na hakuna aliyejua kijiji. Nta yake ninayo, nusu mche wa sabuni, nimeifunga kwa gazeti juu ya kabati. Nimewatengenezea wengi mafuta, ile sijaigusa. Ndugu zangu, akiwapo hapa anayemfahamu, amwambie kwamba Febe wa Kaloleni bado anadaiwa.