Bi Harimalala, Aliyeomba Radhi Kabla ya Kutangaza Msiba

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Harimalala Razanakoto anastaafu tarehe 30 Juni. Redio yetu hapa Ambositra, Madagaska, haijapata msomaji wa matangazo ya vifo kama yeye, na mwenye kubisha ajitokeze.

Alianzia kazi mapokezi. Siku msomaji aliposhikwa na mafua, yeye akapewa kipaza sauti, na hakukirudisha tena. Koo alililainisha kwa maji ya ukoko wa wali, na ole wake aliyegusa birika lile.

Mwaka jana mkurugenzi wetu, Bwana Mamitiana, alileta mashine ya akili bandia isome badala yake. Ina sauti tamu, haikohoi, haijikwai hata kwenye majina yetu marefu. Wiki ileile ilitangaza kifo cha mama yake Tahina, mkulima wa viazi katika bonde lisilofikiwa na simu. Ilitaja jina, siku na kaburi, basi. Haikutanguliza radhi kwa wazee na wasikilizaji, kama afanyavyo kwetu kila aletaye neno zito. Tahina alisikia, akaendelea kulima.

"Msiba gani usioombewa radhi?" alimwambia mkewe. "Hao wanajaribu mitambo tu."

Ndugu zake walimngoja wakachoka, wakatupigia simu: jioni kaburi linafungwa. Bi Harimalala hakusubiri ruhusa. Alizima mashine, akaketi, akaomba radhi kwa wakubwa, kwa wadogo, kwa waliokuwa wakila. Alipolifikia jina la marehemu sauti ilimkatika, nasi studioni tukalia. Tahina alitupa jembe, akakimbia. Alimwahi mama yake kabla kaburi halijafungwa.

Baadaye alituletea kapu la viazi. "Ile mashine ilinipa habari, dada," alimwambia Bi Harimalala. "Wewe ulinipa pole."

Mkurugenzi akataka mashine ifundishwe maneno ya radhi.

"Radhi huombwa na mwenye haya," Bi Harimalala alimjibu. "Siku itakapoona haya, mwanangu, niite niiachie kiti."

Tangu hapo mashine inasoma bei za soko, na inazisoma vizuri. Misiba inasomwa na vijana aliowafunza mwenyewe, kwa makaripio mengi.

Asante, Bi Harimalala. Tunajivunia wewe bila kificho. Upumzike kwa afya, ucheke sana, utugombeze kila tukikosea hewani. Na siku jina lako litakapoletwa mezani petu, Mungu aiweke mbali, litasomwa na mtu.